Ng'ombe Ishirini na Wanane

Alama za magurudumu ya baiskeli ya Arlys Bakkum zilikuwa zikiiacha njia penye daraja la Kijito cha Mierebi. Zilikata kushoto, zikapenya kwenye uwazi wa ua, zikapanda barabara ya lami yenye mlima wa kumtoa mtu jasho, kisha zikairudia njia maili mbili mbele, karibu na mdomo wa handaki. Watu wengine wote walipita moja kwa moja. Reli ilijengwa kwa ajili ya treni, treni hazipendi vilima, na njia iliyobaki baada ya vyuma kung'olewa ni tambarare kama meza. Ni Arlys peke yake, mwanamke wa miaka sitini na minane mwenye nyonga ya chuma, aliyechagua mlima. Hakuna aliyemwuliza sababu, kwa kuwa sote tuliijua.

Njia yetu ina maili thelathini na moja. Inaanzia Fallberg, nyuma ya ghala la nafaka, ambako stesheni ya zamani siku hizi inauza aiskrimu na kukodisha baiskeli. Inapita nyuma ya nyumba za watu na kukuonyesha yale ambayo barabara inakuficha: nguo za ndani kwenye kamba, boti isiyotia mguu majini tangu mwenyewe anunue, mzee aliyelala barazani mdomo wazi. Halafu ni mahindi, na soya, na mahindi tena. Inavuka kijito, inapita katikati ya nyumba ya akina Bakkum na banda lao la ng'ombe, karibu kiasi kwamba babu yao alikuwa akipakia madumu ya maziwa kwenye treni bila kuvua viatu vya zizini. Inaingia katika handaki la robo tatu ya maili, inatokea Osterly penye kiwanda cha jibini, inakatiza vinamasi, na mwisho inafika mji wa Tarrant, ambako inakoma ghafla mbele ya duka la matairi. Mgeni akifika pale huzunguka duka mara mbili akitafuta njia imeendelea wapi. Haijaendelea popote.

Mimi ni Orrin Skaar. Nilipeleka barua katika bonde hili miaka thelathini na minne, na nilipostaafu nikajiunga na watu wa kujitolea wanaoitunza njia. Tunakata matawi, tunaziba mashimo, na tunabishana juu ya rangi ya mabenchi. Na kila Jumamosi ya mwisho ya Oktoba tunafunga handaki.

Handaki letu lina milango. Ni ya mbao, mabawa mawili kila upande, mirefu kuliko nyumba ya ghorofa. Enzi za treni kulikuwa na mlinzi aliyeishi pale pale, kazi yake kuifungua treni ikija na kuifunga ikishapita, kwa sababu maji huchuruzika ndani mwaka mzima, na baridi ya Januari ikiingia huyagandisha ndani ya mwamba na kuupasua. Treni hazipo tena, lakini maji bado yapo. Kwa hiyo tunafunga mpaka Aprili: mimi upande wa mashariki, Arlys magharibi. Mmoja wetu lazima kwanza atembee ndani kuhakikisha hakuna mtu. Sheria hiyo tulijiwekea tangu mwaka tulipomfungia mle mtafiti wa popo, ambaye kwa bahati nzuri hakuona kasoro yoyote.

Sasa habari ya kaka yake.

Verlyn Bakkum anamzidi Arlys miaka minne. Baada ya wazazi kufariki na mume wa Arlys kufuata, walilisha na kukamua pamoja, asubuhi na jioni, kwa miaka mingi, wakisemeshana maneno labda kumi kwa siku na kuona yanatosha. Bei ya maziwa ikaendelea kushuka, magoti ya Verlyn yakaendelea kuoza. Miaka tisa iliyopita Arlys alisafiri siku tatu kwenda Minnesota kwenye ubatizo wa mjukuu wake. Alirudi Jumapili jioni, akalala, na alfajiri akavaa mabuti kwenda kukamua kama kawaida. Alifungua mlango wa banda akakuta hakuna mnyama hata mmoja. Nafasi zote zilikuwa zimefagiwa, na kuta zimepakwa chokaa mbichi.

Akarudi jikoni. Kaka yake alikuwa amekaa mezani na kikombe mkononi. Akamtazama akasema, "Kahawa ipo."

Arlys hakuinywa. Kabla ya saa sita alikuwa amehamia Fallberg, kwenye chumba juu ya duka la maua, na tangu siku hiyo hawakusemezana. Kanisani yeye alikaa upande wa kinanda, Verlyn upande wa mlango. Ningekuwa mgeni ningesema ni upuuzi. Lakini nimezaliwa hapa, na najua watu wetu: mtu atakuchimbia kaburi la baba yako kwenye barafu bila kuombwa, ila ukimtaka akwambie pole, ulimi unamganda.

Jumapili moja ya Oktoba, wakati wa kahawa katika ukumbi ulio chini ya kanisa, tukasikia kwamba Verlyn ameuza shamba kwa kijana wa Kiamishi, wale wakulima wa dini wasiotumia magari, na anahamia Arizona kwa binti yake. Ataondoka Jumatatu ya wiki inayofuata. Arlys alikuwa anakunja lefse, chapati yetu ya viazi, amepaka siagi na sukari. Akaendelea kuikunja mpaka ikawa ndogo kama kidole.

"Nasikia huko kuna joto," alisema.

Nilimwonea huruma, na pia nilitamani kumtikisa mabega.

Jumamosi ile alikuja kwa njia yake ya mlimani kama kawaida, akafunga bawa moja la upande wa magharibi, lile zito linalosumbua, kisha akavuka handaki akisukuma baiskeli hadi kwangu. Alikuwa na mafua, sauti imemkauka, pua nyekundu. Nilimpa chai ya chupa yangu.

"Kaka yako anaondoka keshokutwa," nilisema.

"Nimesikia."

"Hujaenda kumwona?"

"Orrin, hiyo chai umeweka sukari au umeonyesha tu?"

"Arlys. Arizona si Tarrant. Mtu wa miaka sabini na miwili akienda huko harudi kwa baiskeli."

Alinirudishia kikombe. "Funga mlango wako," alisema, na akageuza baiskeli kuingia tena gizani. Nikafunga. Nilisikia komeo likidondoka mahali pake, nikajiambia mambo ya Bakkum si barua, siwezi kuyafikisha mimi.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe, kidogo kidogo, majira yote ya baridi.

Tochi yake ilizimika kabla hajafika katikati. Aliipiga kwenye paja, ikawaka, ikazimika moja kwa moja. Hakuogopa. Mbele kulikuwa na ule mwanga wa bawa lililobaki wazi, mwembamba kama uzi, na mguuni alisikia mfereji wa maji ukimwongoza. Mle ndani tuna desturi: unashika kulia, na unatoa salamu kwa sauti hata kama huoni mtu, kwa sababu huwezi kujua nani yuko mbele yako. Nimewasikia watu wasiosalimiana dukani wakisalimiana mle kama ndugu.

"Haloo," Arlys aliita kwa sauti yake ya mafua.

"Haloo," ikajibu sauti kutoka chini, usawa wa magoti yake. "Usinikanyage tu."

Aliijua kabla haijamaliza. Alisema alifikiria jambo moja tu, kwamba uzi ule wa mwanga haukuwa mbali, angeweza kupita.

"Mbona umekaa kwenye maji?" alisema badala yake.

"Sijakaa, mama, nimekalishwa. Goti limegoma." Alikuwa kwenye shubaka la ukutani, lile la kujibanza wafanyakazi wa reli treni ikipita. "Nilidhani nitapumzika dakika moja. Sasa siwezi kuinuka."

"Huna tochi?"

"Mimi nimezaliwa chini ya maili moja kutoka hapa. Tochi ya nini?" Akapapasa ukuta. "Ndivyo nilivyokuwa najisemea nilipoingia, dakika chache zilizopita."

"Tunafunga leo. Ungebaki humu mpaka Aprili."

"Najua mnafunga leo, ndiyo maana nimekuja. Jumatatu nahama. Nilitaka kupita mara ya mwisho." Alikohoa. "Wewe ni wa hao wanaojitolea? Wa wapi?"

Arlys hakuwahi kuwa mwongo. Anasema neno lilimtoka lenyewe. "Wa Tarrant."

"Ahaa, Tarrant. Nasikia mna duka zuri la matairi."

Alimshika chini ya kwapa akamwinua, na uzito wake ulimshtua kwa jinsi ulivyopungua. Akaweka mkono wa kaka yake kwenye kiti cha baiskeli, yeye akashika usukani upande wa pili, na wakaanza kwenda, hatua na nusu hatua. Kwa muda ilikuwa maji tu na mlio wa mnyororo. Kisha Verlyn akaanza kuongea. Sijui kama kuna mtu wa bonde hili aliyewahi kumsikia akiongea hivyo. Nadhani ni giza, na umbali wa Tarrant.

"Nina dada yangu Fallberg," alisema. "Naye anajitolea. Labda mnafahamiana."

"Hatukutani sana."

"Hata sisi." Wakaenda hatua kadhaa. "Niliuza ng'ombe wetu akiwa safarini. Walikuwa wangu kisheria, lakini walikuwa wake. Yeye ndiye aliyewapa majina."

Arlys aliendelea kusukuma. "Kwa nini hukumwambia?"

"Nilipokuwa mdogo baba aliuza farasi wetu wawili wa mwisho. Mama alisimama uani akaangalia lori mpaka likapotea. Alikuwa mtu wa kuimba jikoni, mama yetu. Baada ya siku ile hakuimba tena. Dada yangu alikuwa bado wa kubebwa, hakumbuki. Mimi nakumbuka. Nikasema Arlys hatasimama uani. Nitayabeba peke yangu, akirudi yawe yamekwisha." Alivuta pumzi. "Nikafagia. Nikapaka chokaa. Nilidhani akikuta pasafi haitamuuma sana."

"Na aliporudi ukamwambia nini?"

"Kahawa ipo."

"Maneno mawili."

"Nilikuwa nimejizoeza mengi, mama. Usiku mzima. Nilipomwona mlangoni na mabuti yake, yakawa yamebaki hayo mawili."

Arlys anasema hapo hasira yake ya miaka tisa ilimtazama, ikataka kujua ikae wapi. Angeweza kusema jina lake pale pale. Alifungua mdomo. Lakini Verlyn alikuwa hajamaliza.

"Hilo ningeweza kumwomba radhi," alisema. "Kuna jingine, na ndilo lililonifunga mdomo. Lori lilipokuja, ng'ombe wa kwanza aligoma kwenye ubao wa kupandia. Ragna. Akapanda miguu miwili akasimama, na wote nyuma yake wakasimama. Dereva akachomoa fimbo ya umeme. Mimi sikutaka wapigwe, hao hawakuwahi kupigwa na mtu. Nikamwambia angoje. Nikaingia mwenyewe ndani ya lori, mpaka mbele kabisa kwenye giza, nikaita kama anavyoita dada yangu akitaka waje kukamuliwa. Kuum, mama, kuum. Kwa sauti ile ile yake nyembamba."

Mnyororo wa baiskeli ulikuwa umenyamaza. Walikuwa wamesimama.

"Wakapanda wote," Verlyn alisema. "Ishirini na wanane, bila hata mmoja kuguswa. Walidhani yumo mle ndani anawangojea. Na alipokuwa Ragna ananipita akaninusa, akanitazama. Namwona mpaka leo, na lile sikio lake la kushoto lililochanika—"

"La kulia," alisema Arlys.

Maji yalidondoka. Mbali mahali fulani ndege alikuwa anahangaika kutafuta kutoka.

"Uliponiuliza mbona nimekaa kwenye maji, nilidhani ni wewe," Verlyn alisema taratibu. "Halafu nikajiambia hapana, mzee, hiyo ni tamaa yako tu."

"Uliwaita kwa sauti yangu."

"Ndiyo."

"Na wakaja."

"Walikuja mbio, Arlys."

Aliachia usukani. Aliacha kaka yake na baiskeli gizani akatembea kuelekea kwenye mwanga, haraka kadiri nyonga ilivyomruhusu, na Verlyn hakumwita. Alifika mlangoni. Nje jua la alasiri lilikuwa juu ya majani makavu, njia imenyooka mbele yake, na kulia kwake kijia chake cha kupandia barabarani, alichokichonga mwenyewe kwa miaka tisa ya ukaidi.

Alisimama pale akilia kwa kelele, jambo ambalo, aliniambia, alikuwa hajalifanya hata kwa mumewe. Miaka yote hiyo alikuwa akiwaona katika mawazo yake wakipanda lori huku wakigeuza shingo kumtafuta, na yeye hayupo, yuko Minnesota anakula keki ya ubatizo. Ndicho kilichomnyima usingizi. Kumbe hawakumtafuta. Kumbe walimsikia, wakamwamini, na hawakuogopa. Jambo hilo lilikuwa baya kuliko alilolijua, na pia lilikuwa afueni, na hakuweza kuyatenganisha. Alimchukia kaka yake. Alimwona pia mtoto wa miaka mitano hivi, uani, akimtazama mama yake. Alipangusa pua kwa mkono wa koti.

Akarudi ndani.

Verlyn alikuwa amesimama pale pale, ameegemea baiskeli kwa mikono miwili. Sasa kwa ule mwanga hafifu aliweza kumwona: mzee, amelowa suruali, kofia ya kampuni ya mbegu masikioni.

"Nani alifuata?" Arlys aliuliza.

"Nini?"

"Ragna alitangulia. Nani alifuata baada ya Ragna?"

Verlyn alimtazama muda mrefu. "Dagny," alisema.

"Bila shaka. Huyo hakuwahi kukubali kuachwa. Halafu?"

"Pembemoja. Halafu Tulla na ndama wake mkubwa, yule mwenye..."

"Mwenye macho ya kuomba. Usiende haraka."

Walitoka. Arlys alisukuma bawa la pili la mlango, na Verlyn, kwa mguu mmoja, aliliwekea bega, komeo likaingia. Wa sita walimtaja hapo hapo mlangoni. Kisha Arlys akashika usukani. Hakupinda kwenye kijia chake. Walishuka na njia, moja kwa moja, mahindi yaliyokauka yakiwasugua huku na huku, na Verlyn akawataja mmoja baada ya mwingine kwa mpangilio waliopandia, hakumruka hata mmoja, maana miaka tisa alikuwa akiwahesabu kila alipofumba macho. Alisema nani aliteleza na nani alimsukuma mwenzake. Arlys alicheka mara moja, kwa yule aliyeingia lorini akaanza papo hapo kula majani ya sakafuni. Mara nyingine alisema tu, "Enhe." Kwa wawili alimwomba anyamaze kidogo kabla ya kuendelea, naye akanyamaza.

Baiskeli mbili za wageni ziliwapita, wakapunga mikono. Hawakuona cha ajabu. Wazee wawili na baiskeli moja.

"Wa kumi na tisa, Mke wa Mchungaji," Verlyn alisema. "Alisimama kwanza kwenye ubao akatazama pande zote."

"Apate kuonekana."

"Apate kuonekana. Halafu ndiyo akaingia."

Njia ilipinda, na paa jekundu la banda likajitokeza juu ya miti, na bomba la jikoni pembeni yake. Verlyn alivuta pumzi kumtaja wa ishirini. Arlys akafinya breki, gurudumu likasimama.

"Ngoja kwanza," alisema. "Wamebaki tisa tu, na nyumba ile pale."